Wiki ya Matofali Mepesi

Kitu cha kwanza nilichoogopa pale uwanjani ni mkono wa mashine ya kufyatulia matofali. Nyinyi mnaouvuta siku hizi, Kanini na Ndanu na wale wawili walioingia nikiondoka, mmeuzoea hata mnautundikia masweta. Mimi siku ya kwanza niliona chuma kirefu kunishinda, na fundi Mutua, kabla hata ya kunijulia hali, akaniambia huo mkono ulishamvunja mtu taya. Mtu huyo aliitwa Kasyoka. Aliuachilia kabla haujafika mwisho, udongo ukaurudisha juu, ukampata chini ya mdomo. Fundi akasema Kasyoka yuko hai, ila anapenda uji. Hiyo ndiyo karibu niliyopewa.

Mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa vile nimestaafu, na wale tulioanza nao wameenda, wengine kwa watoto wao Nairobi, wengine kwa Mungu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hivyo someni polepole vile ninavyoandika polepole. Mambo ya nani alipewa cheo na nani alipata ngapi siyaweki hapa. Naweka udongo, mashine, na watu walionifundisha. Halafu naweka ile wiki ambayo nyinyi mmeisikia vipande vipande, na kila aliyewasimulia ameongeza kipande chake.

Nilikuja Mumbuni, pale uwanja wetu ulipo, kutoka sokoni. Miaka kumi na tisa niliuza ndengu na maharagwe pale soko la Machakos, nimekaa juu ya gunia, napima kwa gorogoro, lile kopo la bati la kupimia nafaka. Miguu ilipoanza kuvimba kwa kukaa, Syombua wa Mulwa, tuliyekuwa tukiimba naye kanisani, akaniambia kuna fundi anatafuta wanawake wa kufyatua matofali ya udongo, yale yasiyochomwa. Nilimuuliza kama kuna mtu mwenye akili anaweza kulala ndani ya nyumba ya udongo usiochomwa. Akasema njoo uone. Nilienda nikiwa na nia ya kumcheka.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye shimo. Udongo wa juu, ule mweusi wa shamba, hatuutaki. Una mizizi, na mzizi ukioza ndani ya tofali unaacha tundu. Tunachimba mpaka kwenye ule mwekundu, tunauchekecha, tunauchanganya na simiti kidogo ungali mkavu mpaka rangi iwe moja, halafu maji yananyunyizwa kwa mkono kama padri anabariki. Hapo unafinya bonge kwenye ngumi na kuliachilia usawa wa kifua. Likivunjika vipande vinne au vitano, endelea. Likisambaa kama unga, maji ni kidogo. Likikaa pale chini kama chapati, umezidisha, na mashine itakutemea matope kwenye sketi. Sketi zangu tatu za kwanza zilienda hivyo.

Fundi Mutua alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kwa habari ya kubana alihubiri. Alikuwa anasema mashine haitengenezi tofali, mashine inafukuza hewa. Udongo uliolegea una hewa kila mahali, chembe zinagusana kwa ncha tu. Ukiubana, chembe zinaingiliana, hewa inatoka, na kile kilichojaa karai kinaingia kwenye tofali moja zito. Hewa isipotoka inabaki imekaa ndani kama mgeni, na siku ya mvua maji yanakuja kukaa mahali pake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo niliangukia. Ile mashine ina sanduku la chuma na kifuniko. Ukivuta mkono, sahani ya chini inapanda, inasukuma udongo juu mpaka inafika mahali imewekewa kizuizi, na hapo inasimama. Inasimama hapo hapo siku zote. Kwa hivyo ukitia udongo mwingi au kidogo, tofali litatoka na kimo kile kile. Ukizidisha, wanawake wawili wananing'inia kwenye mkono na hauendi. Ukipunguza, mkono unashuka wenyewe, tofali linatoka limenyooka, kingo zake nzuri, na ndani ni mwanya mtupu. Macho hayawezi kukwambia. Fundi alikuwa na neno alilorudia kila Jumatatu. "Mashine ikikataa, msiogope. Ogopeni ikikubali haraka."

Syombua ndiye aliyenifundisha pembe. Mimi nilikuwa namwaga udongo katikati ya sanduku na kufunga kifuniko, nikidhani mashine itausambaza. Akanishika mkono, akaniambia udongo si maji. Maji ukiyasukuma upande mmoja, habari inafika pande zote. Udongo unamwambia jirani yake tu, naye jirani akijisugua kwenye ukuta wa sanduku anachoka kabla ya kupeleka habari mbele. Ndiyo sababu upande wa tofali uliogusana na ile sahani unakuwa mgumu, na ule wa juu chini ya kifuniko unabaki laini kidogo, na pembe za juu ndizo dhaifu kuliko zote. Basi kabla ya kufunga tunasukuma udongo kwenye pembe kwa vidole. Vidole vyangu mpaka leo vimepinda kwa hizo pembe, na Syombua aliingia kaburini na vyake vimepinda vivyo hivyo.

Jambo lingine ni haraka. Mkono ukifika chini, uache hapo pumzi mbili. Ukiuachilia upesi, hewa iliyobanwa inataka kutoka yote mara moja, tofali linavimba kidogo na kupasuka kwa tabaka kama kitunguu. Wakati mmoja fundi alisikia kwamba nyuzi za makonge zikichanganywa humo tofali linakuwa imara zaidi. Tukakatakata makonge siku nzima. Kumbe nyuzi zikibanwa zinainama, na mkono ukiachiliwa zinainuka tena kama godoro. Tulipata matofali yenye kichogo. Fundi aligeuza moja, akasema labda tulitia mengi mno, akaenda kunywa chai. Baadaye tulijaribu tena na nyuzi chache na fupi, yakatoka vizuri, lakini mikono yetu ilikuwa imekatwa sana na yale makonge hata hakuna aliyetaka kusikia habari yake.

Kipimo chetu kilikuwa gorogoro, kama sokoni. Magorogoro manne kwa kila tofali, yaliyosawazishwa kwa kijiti. Asubuhi tofali moja linapimwa kwenye mizani ya kuning'iniza, jioni jingine. Na kila aliyejaza sanduku anachora herufi yake kwa msumari kwenye tofali la kwanza la kila safu. Yangu ilikuwa N, ya Nduku.

Nilifanya hivyo miaka mingi, na nikazeeka kwa kazi hiyo bila kuharibu kitu kikubwa. Syombua alipofariki, fundi aliniweka kwenye kujaza, na kwenye mkono akaja Kanini, akiwa mgeni kabisa, msichana mwenye mabega ya mtu wa kubeba gunia. Hapo ndipo ikaja kazi ya tangi. Ilikuwa shule ya msingi upande wa Wamunyu, kule ambako watoto wanatoka nyumbani na kitabu mkono mmoja na mtungi mkono wa pili. Wazazi walikuwa wamekubaliana wajenge tangi kubwa la matofali yetu, yale ya kupinda, lishike maji ya paa la madarasa.

Tukiwa katikati ya hayo matofali, goti la fundi likakataa, akalazwa hospitali wiki nzima. Aliniachia uwanja. Jumatatu hiyo hiyo gorogoro letu la kazi lilipasuka ubavuni, bati likamkata Kanini kidole. Nilimwambia asijali, nyumbani niko na jingine, lile nililotoka nalo sokoni. Jumanne nikalileta.

Nitawaambia kitu ambacho kila mama aliyewahi kuuza nafaka anakijua na hakuna anayekisema. Gorogoro la muuzaji huwa limepigwa chini. Unaliweka juu ya mguu wa stuli, unagonga kwa jiwe, kitako kinaingia ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa. Ukijaza ndengu, mnunuzi anaona zimefika juu. Konzi nzima imebaki kwenye gunia lako. Langu nililigonga mwenyewe mwaka wangu wa pili sokoni, na baadaye, kwa kuzoea, nikasahau kwamba liligongwa. Sijifanyi. Nilisahau kama mtu anavyosahau kovu la mgongoni.

Kwa hivyo Jumanne mpaka Jumamosi, kila tofali lilikosa konzi nne za udongo. Kanini alivuta mkono wa kwanza, akacheka. Akaniita bibi kama kawaida yake, "Susu, leo mashine imelainika." Nikamjibu ni mabega yake yamezoea. Alinipa habari yote kwa neno moja na mimi nikamrudishia sifa. Mizani ilikuwa imening'inia pale kwenye msumari wake. Sikuigusa wiki nzima. Matofali yalikuwa yanatoka sawa, kingo nzuri, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa uwanja, sasa nani angeniuliza?

Fundi alirudi na fimbo, akaja na gorogoro jipya, kazi ikaendelea. Langu nikalirudisha nyumbani, nikaliwekea mbegu za kunde. Matofali yalifunikwa, yakanyunyiziwa maji yale majuma yanayotakiwa, na siku ya kusafirisha nilipakia lori mwenyewe na Kanini. Yale ya wiki yangu yalikuwa karibu na lango, tukayapakia mwisho. Kinachopakiwa mwisho kinashuka kwanza, na kinachoshuka kwanza kinajengewa chini. Tangi lote linaegemea chini. Mafundi walijenga, wakazungushia waya, wakapiga plasta ndani na kupaka chokaa nje. Nilisikia lilipendeza.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha uwanjani alasiri moja, kidogo tu, ya kutuliza vumbi. Kesho yake nilikuwa naokota matofali yaliyobaki pale uani ili niyapange. Nikashika moja, pembe ikabaki mkononi mwangu. Nikashika la pili. Nilipoligonga kwa kifundo cha kidole halikulia, lilinyamaza kama unagonga mkate. Nikaligeuza, nikaona N.

Nilienda kwenye mizani. Halafu nikachukua tofali la wiki nyingine, nikalipima. Kisha nikapima tena yote mawili, maana mtu akiogopa anadhani chuma ndicho kimekosea. Kanini alikuwa anaimba kwenye shimo la udongo. Nilirudisha tofali mahali pake na upande wa herufi nikauelekeza kwa ukuta.

Nyumbani nilimwaga zile mbegu za kunde kwenye sufuria na kugeuza gorogoro. Nilitia ngumi kwenye kitako chake. Ilienea.

Sitawadanganya kwamba nilikimbia kusema. Nilikaa siku nne. Mtu wa Ukambani hajui kuogopa wingu, tumezaliwa tukilingojea, lakini siku hizo nne kila asubuhi nilitoka nje nikitazama upande wa Wamunyu kama mtu anayedaiwa uhai wake. Jirani yangu Mbithe alikuwa anashangilia, anaita kutoka ng'ambo ya ua kwamba mwaka huu tutakula. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo isinyeshe. Niliomba hivyo hata kanisani, watu wote wamepiga magoti wakiomba mvua, mimi katikati yao naomba kinyume. Niliogopa Mungu asije akachanganya maombi.

Kilichonifunga mdomo hakikuwa fundi. Fundi ningeweza kumwambia kipimo kilikosea. Lakini angeuliza kilikosea vipi, na hapo ningesema gorogoro, na gorogoro lina historia. Pale shuleni mpishi ni Syokau, mtu tuliyezaliwa naye kijiji kimoja. Syokau alinunua ndengu kwangu kila Ijumaa kwa miaka kumi na tisa, akiwa na watoto sita wa kulisha. Niliona afadhali kufa kuliko Syokau ajue. Huo ndio ukweli. Na bado kila nilipofumba macho niliona watoto wamepanga mitungi chini ya lile tangi, wale wadogo wakiwa wameliegemea, kwa sababu mtoto akisimama karibu na ukuta lazima auegemee.

Siku ya tano ilinyesha kwa nguvu tangu alfajiri. Si uwanjani tu, kila mahali, mbingu yote ilikuwa rangi moja. Nilichukua gorogoro, nikatembea mpaka Mumbuni bila mwavuli. Fundi alikuwa kwenye kibanda anasugua goti mafuta. Niliweka gorogoro mezani mbele yake, mdomo chini, kitako juu. Hakuniuliza ni nini. Mama yake naye aliuza sokoni.

"Ni hili ulipimia?" akauliza.

"Ni hili. Wiki uliyokuwa hospitali."

"Ulijua?"

"Nilisahau. Lakini nimejua siku nne."

Aliangalia nje, mvua inavyopiga mabati. Nilitaka anipigie kelele, ingekuwa rahisi. Aliuliza kitu kimoja tu, yale matofali yalienda wapi kwenye lori. Nilipomwambia mwisho, alisimama kwa lile goti bovu kama hana goti, akachukua spana na funguo za pikapu.

Njiani fundi aliendesha ameinamia kioo. Mifereji ya barabara ilikuwa imejaa maji mekundu. Nilikuwa nimeshika gorogoro mapajani, sijui kwa nini nililibeba. Kila tulipopita mtu amejitwika kapu kichwani akikimbia nilitazama uso wake, kama anatoka kutuambia habari.

Tulipofika, tangi lilikuwa limesimama. Jeupe, zuri, na paa la madarasa likilimiminia maji kama lilivyotengenezewa. Mvua ilikuwa imepungua na watoto walikuwa wametoka. Labda thelathini, na mitungi yao, foleni imezunguka tangi. Karibu na ardhi, upande wa jua, chokaa ilikuwa imebadilika rangi. Doa refu kama mkanda, na ndani ya doa ukuta ulikuwa unatoka jasho. Msichana mmoja alikuwa ameweka mgongo pale pale na sweta lake limelowa.

Fundi aliniambia kwa sauti ya chini nisikimbie, watoto wakiona mzee anakimbia watasimama kushangaa. Alimwendea mwalimu mkuu, Mwalimu Ngina, akamwambia neno moja sikioni. Mwalimu Ngina ni mwanamke mwenye akili, hakuuliza. Alipiga kengele ya uji, ingawa haikuwa saa ya uji, na ile foleni ikavunjika yote kuelekea jikoni. Nilimtazama yule msichana mpaka alipopita kona ya darasa. 

Halafu fundi alipanda ngazi, akang'oa mfereji wa mabati ili maji ya paa yamwagike nje. Ikabaki kutoa yaliyomo ndani. Mfereji wa kuchotea maji ni mdogo, ungechukua mpaka kesho. Bomba kubwa la kusafishia liko chini, na chini ndipo palikuwa pabovu, hatua mbili tu kutoka kwa lile doa. Niliomba nilifungue mimi. Akasema sina nguvu ya spana hiyo, nikae mbali. Alichuchumaa pale, bega lake linagusa ukuta, akaanza kuzungusha. Bomba lilikuwa limekaza. Kila alipovuta spana nilisikia ukuta, na sijui kama ulilia kweli au ni masikio yangu. Nilijua kila tofali lililokuwa nyuma ya ile chokaa. Nilijua nilivyolijaza, nilivyosukuma pembe zake kwa vidole vyangu hivi, kwa uangalifu, udongo usiotosha.

Bomba lilifunguka. Maji yalitoka kwa mkupuo mmoja, yakampindua fundi chini, yakapita uwanja wa mpira yakielekea barabarani. Akaamka, akasogea, akaja kusimama nami. Tulitazama maji yakienda. Watu wa karibu walianza kutokea na ndoo, wengine wakichota, wengine wakitutukana. Mzee mmoja aliuliza ni wazimu gani huu wa kumwaga maji Wamunyu. 

Syokau alitoka jikoni, mwiko mkononi, akaja moja kwa moja kwangu.

"Nduku, kwani tangi limefanya nini?"

Fundi alitaka kujibu. Alianza kusema mambo ya udongo. Nilimgusa mkono anyamaze, kwa sababu angenifichia, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikampa Syokau gorogoro. Nikamwambia hili ndilo lililopima matofali ya chini, yamekosa udongo, yangebomoka. Nikamwambia ndilo hilo nililokuwa nampimia ndengu.

Aliligeuza. Akaingiza kidole gumba kwenye kitako, akakizungusha taratibu kwenye ukingo wa lile tundu. Watu walikuwa wamekaribia. Sikuwa na mahali pa kutazama, nikatazama mwiko.

"Hili nilijua," akasema. "Mwaka gani sikujua? Ndiyo maana nilikuwa sitoki hapo mpaka uniongeze konzi."

Ni kweli. Kila Ijumaa alisimama na kapu lake wazi na kusema ongeza, na mimi niliongeza nikilalamika, na wengine wote hivyo hivyo. Soko zima lilijua. Nilidanganya watu ambao walikuwa wananisahihisha.

Alinirudishia gorogoro. "Lakini mashine yenu haina mdomo wa kudai nyongeza," akasema, akarudi kwa uji wake.

Tangi lilipokauka fundi alikwangua chokaa na kuweka msumari kwenye safu ya pili. Hakuwa na nyundo, alitumia kiganja. Uliingia mpaka kichwani. Mwalimu Ngina alikuwepo, akaona, akaenda kando akaketi kwenye jiwe. Tulilibomoa sisi wenyewe, watu wote wa uwanja, na matofali mapya ya chini niliyajaza yote mimi. Kanini alikuwa kwenye mkono, na kila siku nilipima asubuhi, mchana na jioni, mpaka akaniuliza kama nina mpango wa kuyaoa. Lakini matofali hayakomai kwa haraka ya mtu. Miezi hiyo yote, mvua ikinyesha na kupita, watoto walibeba maji kutoka mtoni, na kila mtungi ulikuwa wangu.

Nimestaafu mwaka huu, baada ya mvua ya Machi. Kabla ya kuondoka niliomba bodaboda anipeleke Wamunyu, peke yangu. Tangi lilikuwa limejaa mpaka linamwagika juu. Niliweka kiganja chini, safu ya kwanza, nikazunguka lote. Kavu. Nikagonga, likalia. Fundi alishanihakikishia, na Mwalimu Ngina pia, na mimi mwenyewe nilijua uzito wa kila tofali. Kengele ikalia, watoto wakaja na mitungi, na wale wadogo, kama kawaida yao, wakaweka migongo ukutani. Nikawaambia wasogee, wasimame mbali kidogo.

Kitoto kimoja cha kike kikanitazama. "Susu, kwani litaanguka?"

Nikasema haliwezi kuanguka. Hakikusogea, kilikuwa kinangoja nione aibu au niseme jambo jingine. Basi niligeuka, nikaegemeza mgongo wangu wote pale chini, kando yake, nikabaki hapo mpaka wa mwisho alipojaza mtungi wake.